Chuma cha Mguu wa Eriaku

Eriaku aliwekewa chuma mguuni baada ya kugongwa na lori karibu na mpaka wa Malaba. Mfupa uliunga vizuri. Kidonda ndicho kilichomsumbua. Kilikuwa kikifunga, anarudi kwenye duka lake la spea za baiskeli, halafu mguu unavimba tena na usaha unatoka palepale.

Kila mara alipewa antibiotiki akapata nafuu, na kila mara dawa ilipoisha homa ikarudi. Mkewe Asekenye alianza kumshuku kwamba hamalizi vidonge, akawa anasimama mbele yake mpaka ameze. Eriaku naye alishuku dawa ni feki. Jambo hilo likawa ugomvi nyumbani, na usaha haukukoma.

Mwishowe walitumwa hospitali nyingine mjini Busia. Daktari Mercyline aliwaambia kwamba maabara imeonyesha bakteria wa kidonda wanauawa na dawa ileile aliyokuwa akimeza. Hapo Asekenye akachanganyikiwa kabisa.

"Daktari, kama inawaua, mbona hawamaliziki?"

Mercyline alieleza kwamba wale wa maabara walikuwa mmoja mmoja, wazi. Walio mguuni wamejishikiza kwenye chuma na kujifunika ute, kama utelezi ndani ya mtungi usiosuguliwa. Dawa inaua wanaotoka nje. Wa ndani kabisa wamelala tu, haiwawezi, na ikiisha wanaamka na kuzaana upya. Vidonge havikuwa feki, na Eriaku hakuwa ameruka hata kimoja.

Asekenye alimtazama mumewe.

Daktari alisema chuma kitolewe. Eriaku aliuliza mara mbili atatembeaje bila hicho chuma, akajibiwa mara mbili kwamba mfupa umeshaunga.

Baada ya upasuaji aliomba kukiona. Kililetwa kwenye mkebe wa plastiki uliofungwa. Aliuinua kwenye mwanga wa dirisha, akaugeuza huku na huku akitafuta ute. Chuma kilikuwa kinang'aa.

"Mama Benedetta," akamwambia mkewe, "wewe unaona kitu?"

Asekenye aliangalia kwa muda mrefu.

"Sioni."

Eriaku alimeza dawa ileile tena kwa wiki kadhaa. Safari hii kidonda kilikauka na homa haikurudi. Mpaka leo mteja akimuuliza alikuwa anaumwa nini, huanza kueleza, hukwama katikati, kisha husema tu ilikuwa ni chuma.