Faili Linatumiwa na Mzee

Mpiga chapa alifungua duka asubuhi, akawasha kompyuta, akapangusa kioo cha mashine ya kutoa kopi, akakuta wasifu wa baba yake umeguswa tena. Jana jioni aliuacha umeandikwa: "Ameacha mjane na watoto wanne." Sasa ulisema: "Ameacha mjane na watoto watatu." Hakuna neno jingine lililosogezwa. Mteja aliyeleta kitambulisho chake kitolewe kopi alisubiri huku yeye akifuta "watatu" na kurudisha "wanne".

Mtoto aliyekuwa akipunguzwa ni yeye. Alizaliwa kabla baba yake hajaoa, kwa mama mwingine, na jambo hilo lilijulikana nyumbani kama paa linalovuja: kila mtu anajua pa kuweka ndoo, na hakuna anayelitaja mbele ya wageni. Baba alipofariki, familia ilikaa ikakubaliana kwamba wasifu wa kusomwa mazishini auandike yeye, kwa kuwa ndiyo kazi yake. Hakukataa. Kwa kweli alifurahi, ingawa si jambo la kusema kwenye msiba.

Faili aliliweka mahali ambapo watu watatu waliweza kulifikia: yeye dukani, baba mdogo ofisini kwake, na mama mdogo, yaani mjane, kwenye kompyuta ya marehemu kule nyumbani. Ili wasikanyagane walikubaliana kupigiana simu. Anayelifungua anasema "nimeingia", akimaliza anasema "nimetoka", kama watu wanaotumia choo kisicho na komeo. Programu nayo ilikuwa na kufuli lake. Mmoja akilifungua faili, wengine wanaambiwa liko mikononi mwa fulani, wasome tu, wasiandike.

Siku hiyo mchana alijaribu kulifungua, kikatokea kidirisha: *Faili linatumiwa na Mzee. Unaweza kulisoma tu.* Mzee ndilo jina ambalo yeye mwenyewe aliipa kompyuta ya baba yake siku alipomwunganishia. Na anayeshinda kwenye nyumba ile ni nani, kama si mama mdogo? Akachukua simu.

"Shikamoo mama. Umeingia?"

"Marahaba mwanangu. Mimi nilishatoka tangu jana."

"Huku naambiwa liko wazi hapo nyumbani."

"Basi. Mashine hizo unazijua wewe."

Sauti ilikuwa tamu kupita kiasi. Mama mdogo hakuwahi kumtolea neno baya. Siku zote alimkaribisha, akamfutia kiti vumbi, akamuuliza habari za kazi, na mtu hafutiwi kiti vumbi kwao. Kikulacho ki nguoni mwako, mpiga chapa alijisemea, akakata simu akiwa na hakika kamili.

Hakika hiyo ilidumu mpaka baba mdogo alipopita dukani. Yeye ndiye angesoma wasifu siku ya mazishi, na alikuja kuomba herufi ziwe kubwa kidogo. Alipofika kwenye mstari ule alikohoa.

"Hapa, mwanangu, kwa nini tusiandike tu 'ameacha watoto'? Idadi ya nini?"

"Kuna ubaya gani idadi ikiwepo, baba mdogo?"

"Hakuna ubaya. Nasema tu."

Mtu asiyetaka idadi ana hesabu yake. Mpiga chapa alimwangalia akivuka barabara, akaona hata mwendo wake ni wa mtu anayeficha kitu. Sasa alikuwa na watuhumiwa wawili, na usingizi wa mtu mwenye watuhumiwa wawili ni mwepesi.

Kesho yake akatega mtego. Alilifungua faili mapema, akaandika "wanne", akahifadhi, kisha hakulifunga. Hakutoka hata kwenda kununua maji. Maadamu liko wazi mikononi mwake, hakuna ambaye angeweza kuandika. Baba mdogo alipiga simu kuuliza atatoka saa ngapi, akamjibu kuwa bado bado. Mama mdogo hakupiga, na hilo nalo aliliweka akilini.

Alasiri kidirisha kingine kikatokea: *Mzee amevunja kufuli na kuhifadhi toleo lake. Ubaki na lako, uchukue lake, au uweke yote mawili?*

Mpiga chapa alikisoma taratibu. Kuvunja kufuli si kazi ngumu, ila programu hukuonya kwanza, na huna budi kubonyeza Ndiyo. Mama mdogo aliogopa maonyo. Onyo likitokea tu, alikuwa anasimama mbali na kiti na kupiga simu. Baba mdogo naye angelisoma neno kwa neno, kisha aulize maana yake. Mtu pekee aliyemwona maishani akibonyeza Ndiyo kwa kila kilichotokea, bila kusoma, alikuwa mochwari.

Alibonyeza "lako". Kidirisha kikarudi. Akabonyeza tena, nacho kikarudi tena. Walivutana hivyo mpaka mteja mmoja akauliza kwa upole kama mashine ni mbovu. Mpiga chapa akamrudishia karatasi zake, akafunga duka, akaenda nyumbani kwa baba yake.

Mama mdogo alikuwa sebuleni akipiga pasi nguo nyeusi.

"Yuko chumbani," alisema, kabla ya kuulizwa ni nani. "Tangu juzi anashinda humo. Nilikwambia si mimi."

"Ungeniambia ni yeye, mama."

"Ungeniuliza."

Baba alikuwa amekaa mbele ya kompyuta na fulana yake ya nyumbani, miwani imefungwa uzi upande mmoja, akiandika kwa kidole kimoja huku ameinama, akizitafuta herufi kana kwamba zimemkimbia. Alinukia dawa ya hospitali kwa mbali. Mwili wake ulikuwa mochwari na kadi ya kuuchukulia ilikuwa mfukoni mwa baba mdogo. Hakuna aliyeona kwamba hilo lilimzuia kuwa hapa.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu. Afadhali umekuja. Kuna kidirisha kinanisumbua, nikikibonyeza kinarudi."

"Ni mimi huyo, baba."

"Najua ni wewe."

Mpiga chapa akakaa ukingoni mwa kitanda. Kwa siku hizi zote alikuwa ameyanoa maneno ya kumwambia mama mdogo, na mengine ya akiba kwa baba mdogo. Kwa huyu hakuwa ameandaa hata moja. Iliuma, na iliuma mahali ambapo hasira haikufika.

"Hospitalini uliniita mwanangu," alisema. "Mbele ya wauguzi."

"Na u mwanangu. Nani kakataa?" Baba alivua miwani, akaifuta kwa fulana. "Lakini wauguzi hawanijui. Siku ya mazishi watu watakuwepo."

Alisema hivyo bila ukali, kama mtu anayekumbusha kuwa mvua itanyesha. Kisha akasogea pembeni ya kiti kumpa nafasi.

"Nionyeshe namna ya kulihifadhi lisirudi tena."

Angeweza kulifunga faili kwa neno la siri ambalo marehemu yeyote asingelikisia. Angeweza kuchagua yote mawili, wasifu ukatoka una wanne na watatu kwenye mstari mmoja, baba mdogo akaona aibu yake mbele ya watu. Njia hizo alizijua kama anavyojua vidole vyake. Ila tangu utotoni alikuwa amesubiri baba yake amwombe kitu, chochote, na hiki ndicho alichoombwa. Akakaa kwenye ile nafasi ya kiti, akachagua toleo la baba, akahifadhi. Baba akamshukuru, akamwomba pia akikoleze kichwa cha habari.

Siku ya mazishi nakala zote zilikuwa kazi ya mpiga chapa, zimenyooka, hazina doa la wino. Baba mdogo alisoma kwa sauti nzuri. Alipofika kwa watoto watatu, wale watatu walisimama mbele, watu wakawatazama kwa huruma, wakaketi. Baba alikuwa amekuja na suti ileile iliyokuwa ndani ya jeneza. Alikaa safu ya nyuma kando ya mpiga chapa, kwa kuwa ndipo palipokuwa na kiti, akifuata maandishi kwa kidole. Waliomjua walimwinamia kichwa kwa heshima.

Mama mmoja, aliyewahi kufanya kazi na marehemu, alimwinamia mpiga chapa kutoka upande wa pili.

"Pole sana. Wewe ni nani wake?"

Mpiga chapa alimtupia baba yake jicho. Baba alikuwa karibu kiasi cha kusikia, na kidole chake kilikuwa kimesimama kwenye karatasi.

"Mimi ndiye niliyechapa," alisema.

"Umechapa vizuri," yule mama akasema. "Hakuna kosa hata moja."

Baba akaafiki kwa kichwa, na kidole kikaendelea na mstari uliofuata.