Shikamoo ya Kompyuta

Mwalimu mkuu Zefania aliipandisha kutoka Same mjini hadi Suji akiwa ameipakata kama mtoto mchanga: kompyuta ya mitumba, virusi tele. Sasa fundi Novatus alikuwa ofisini kwake, ameshaifuta yote na kuiwekea mfumo mpya, Linux, kutoka kwenye sidii ya bure iliyoletwa kwa posta.

"Mzee, tuweke neno gani la siri la kuifungulia?"

Zefania hakusita. Walimu vijana walikuwa wamemchosha kwa kuingia ofisini na kuparamia vitu bila hata salamu.

"Andika shikamoo. Asiyeamkia haingii!"

"Lakini hilo kila mtu atalijua."

"Ndiyo ninavyotaka!"

Novatus akaandika, akaizima mashine, akaiwasha tena na kumsogezea mwenyewe aijaribu.

Zefania akabaki vidole hewani. Pale shuleni hakukuwa na mtu mkubwa kwake. Miaka kumi sasa hajamwamkia yeyote. Akaandika kwa kidole kimoja, herufi moja moja, huku jasho likimtoka. Kompyuta ikafunguka, kimya.

Novatus aliuma midomo asicheke. Zefania akaikodolea macho mashine, akangoja kidogo, kisha akajiitikia mwenyewe:

"Marahaba."