Viwavi wa Mama Kulwa

Serikali iliporuhusu kila mtu kufanya biashara, Jonathan, mfanyabiashara kutoka Arusha, alimletea Mama Kulwa wa kijiji cha Mkunya mayai ya viwavi wa hariri. Hakutaka hariri, alitaka viwavi wanono wa kuwalisha vinyonga aliowauza kwa Wazungu wanaowafuga majumbani. Viwavi wagonjwa asingewanunua.

Msimu wa kupulizia mikorosho ulipofika, vumbi la salfa, dawa ya ukungu, lilitua kwenye mforosadi uliowapa viwavi chakula. Mama Kulwa akawa anayaosha majani kwa maji ya kununua kabla ya kuwalisha. Viwavi wakaanza kuharisha na kulegea.

“Wifi, unawaoshea chakula kama wanao,” Evelina alimcheka. “Na kinyonga mwenyewe ukimwona unakimbia!”

Jonathan alipofika, aliinama juu ya ungo wa viwavi.

“Shikamoo, mama. Majani unawapa yakiwa na maji?”

“Marahaba. Nisipoyaosha, salfa itawaua.”

“Osha, lakini yakaushe. Maji ndiyo yanayowaharisha.”

Tangu hapo Mama Kulwa alitandaza kanga kivulini na kufuta jani mojamoja. Wengi wakapona, wakawa weupe, wakatafuna kwa sauti kama ya manyunyu. Jonathan aliporudi, akachagua walionona.

“Na hawa ambao bado wamelegea?”

“Hao siwachukui, mama, mpaka wapone.”

Jonathan alipoondoka, Mama Kulwa alirudi kwenye kanga, akashika jani lililolowa. Viwavi waliobaki waliinua vichwa. Akasita, jani likimdondoshea maji mkononi, asijue kama alikaushe wapone na kuliwa na vinyonga, au aliache hivyo hivyo.