Maneno Kumi na Moja Kofiani

Bryce Tolliver alimaliza burito yake, chapati iliyokunjwa na maharage, akajifuta mdomo, akasimama na kutangaza kwamba yeye ndiye Marigold.

Watu walikodoa macho, kisha wakapiga makofi. Kwenye kona, Lorna Petrakis, aliyekuwa akiandika muhtasari wa mkutano, alivunja ncha ya penseli.

Ilikuwa Jumamosi mchana, mwaka 1994, katika ofisi ya kuazima kule Mountain View ambako kundi lao lilikutana kila mwezi. Siku nyingine zote walizungumza kwa kompyuta, kwenye orodha ya barua, ambako ujumbe mmoja huwafikia wote, iliyokuwa na watu mia saba wa nchi mbalimbali. Wote waliamini jambo moja: barua ya mtu ni yake na anayeandikiwa, na mwingine yeyote akae pembeni. Kwa hilo walikuwa tayari kugombana na yeyote, na walipokosa wa kugombana naye waligombana wenyewe.

Marigold alikuwa fahari yao. Miaka miwili nyuma, mtu aliyejiita hivyo aliiweka kwenye orodha programu ndogo ya kufunga barua za kompyuta zisisomwe na mwingine, bure kabisa, iliyofanya kazi hata kwenye kompyuta kuukuu. Nyumba moja ya wanawake waliokimbia vipigo kule Oakland iliitumia kila siku ili waume wasijue walipo. Serikali nayo ilikuwa imeziweka programu za namna hiyo kwenye orodha moja na mabomu, na kuzipeleka nje ya nchi bila kibali lilikuwa kosa la kumfunga mtu. Kwa hiyo Marigold hakuonekana sura wala kusikika sauti. Alijulikana kwa saini yake tu, ile inayotengenezwa kwa ufunguo wa siri na ambayo kila mtu anaweza kuipima kwa kompyuta yake kama ni ya kweli.

Na Marigold alikuwa Lorna. Aliiandika programu ile kwenye meza ya jikoni kwa miezi kumi na minne, baada ya kazi, miguu imevimba. Mchana alikuwa mpiga chapa katika kampuni ya vifaa vya jeshi, amebakiza miaka mitatu apate pensheni. Kundi lilimpa penseli siku ya kwanza tu alipoingia, awe mwandishi wa mikutano, kwa kuwa alikuwa na mkono mwepesi wa kuandika, na wanaume wale waliokuwa wakibishana saa nzima juu ya sifuri moja hawakuwahi kumuuliza mama huyu anajua nini. Aliwaacha hivyo hivyo. Ilimfaa.

"Tatizo ni hili, jamani," Bryce aliendelea. "Diski yangu imekufa. Ufunguo wa zamani umekwenda nayo. Nimetengeneza mpya. Naomba mnisainie leo, dunia ijue kwamba ufunguo wa Marigold sasa ni huu hapa. Kuna kampuni inataka kuichukua programu, na mimi nitaisimamia."

Lorna alisikia damu ikimpanda kichwani. Wakishaweka saini zao kwenye ufunguo ule, basi imekwisha. Kila toleo jipya litakalotoka kwa Bryce litapokelewa kama limetoka kwa Marigold mwenyewe, hata akilitoboa matundu ya kuchungulia barua za watu, na wale wanawake wa Oakland watalipokea kwa mikono miwili.

"Taratibu, bwana mdogo," alisema Waldo Hendrickson, mwenyekiti, pande la mtu mwenye ndevu mpaka kifuani. "Mimi mama yangu mzazi simsainii bila kuona kitambulisho."

"Na ulimnyima kweli?" Bryce aliuliza.

"Nilimnyima, akaninyima chakula cha Krismasi. Leteni kofia."

Kofia ilikuwa desturi yao. Kila aliyehudhuria aliandika neno moja kwenye kikaratasi, maneno yakasomwa kwa mpangilio yalivyotoka, na anayedai jina alitakiwa kuyatia saini kwa ufunguo wa jina hilo. Hakuna aliyeweza kujiandaa, kwa sababu hakuna aliyejua yatatoka maneno gani. Desturi hiyo ilipendekezwa na Marigold mwenyewe kwenye orodha.

"Nimeshasema diski imekufa!" Bryce alilalamika.

"Basi tufanye hivi," Waldo alisema. "Kama yupo Marigold mwingine, atie saini. Tunampa mpaka kesho saa sita mchana. Akinyamaza, tunakusainia wewe."

Bryce alikubali haraka, tena kwa furaha. Marigold alikuwa hajaandika kwa miezi saba, tangu maafisa wa serikali waanze kuulizauliza, na kijana alishapiga hesabu kwamba mwenye jina ama amekufa ama anaogopa kivuli chake. Waldo akatoa vikaratasi kimoja kimoja, Lorna akaandika: bata, soketi, shangazi, Jumanne, tango, ngazi, jibini, kinanda, mvua, kodi, pasi. Tango lilikuwa lake.

"Na maneno haya tumeyasikia sisi kumi na mmoja tu," Bryce alisema huku akicheka. "Kwa hiyo huyo mwenzangu, kama yupo, amekaa humu humu. Haya, bwana mkubwa, simama nikupishe kiti!"

Watu wakacheka. Lorna aliinamia daftari. Alikuwa ameshaamua moyoni kwenda nyumbani, kutia saini na kumaliza mchezo, na bila utani ule wa Bryce asingegundua kosa lake mpaka wamgundue yeye. Angekuwa ametaja chumba alichomo. Wangepunguza majina moja moja, na kabla jioni haijafika mtu angemtazama mpiga chapa kwa jicho jipya. Alijilaani. Kofia ile aliibuni mwenyewe, akawaza kila hila ya wezi, asiwaze siku ambayo mwenye jina atakuwa chumbani anaandika muhtasari.

Muhtasari. Alitazama daftari lake, mwandiko uliojaa ukurasa mzima.

"Waldo," aliita, "nitume muhtasari kwenye orodha sasa hivi?"

"Si huwa unatuma Jumatatu, dada?"

"Nikingoja Jumatatu nitashindwa kuusoma mwandiko wangu. Leo mmepayuka kama kuku."

"Tuma, tuma," Waldo alisema. "Kompyuta ile pale."

"Tuma, mama," Bryce naye alidakia kwa ukarimu. "Na jina langu uliandike vizuri. T, o, l, l."

"Nitaliandika, mwanangu. Usijali."

Akaketi, vidole vikakimbia. Aliandika kila kitu: madai, diski iliyokufa, saa ya mwisho, na maneno yote kumi na moja kwa mpangilio wake. Barua ikaenda kwa watu mia saba, kuanzia Helsinki hadi Melbourne. Sasa aliyejua maneno yale angeweza kuwa mtu yeyote.

Jumapili asubuhi alitoa diski yenye ufunguo wake wa siri kwenye kopo la karatasi za mapishi. Akaandika nywila yake, ndefu kama treni, yaani matusi aliyokuwa akitoa marehemu mama yake kila maziwa yalipofurika jikoni. Akatia saini maneno kumi na moja na kuongeza mstari mmoja: "Diski yangu ni nzima." Akaipeleka barua hiyo kwenye orodha kupitia vituo vitatu vya kupitishia barua, ambavyo hufuta jina la mtumaji na kuichelewesha barua makusudi ili ichanganyike na nyingine. Ilikuwa saa tatu.

Saa nne ilipogonga, barua ilikuwa haijatokea. Saa tano, kimya. Lorna aliosha vyombo vilivyokuwa safi. Ilipofika saa tano na nusu aliogopa waziwazi, kwa sababu vituo vile viliendeshwa na watu wa kujitolea na kimoja kikizimika barua haifiki kamwe. Saa sita kasoro dakika nane, modemu, kisanduku kinachounganisha kompyuta na simu, ikalia, barua zikashuka, na yake ilikuwa humo.

Dakika tano hazikupita, simu ikaita.

"Umeona?" Waldo alikuwa anapiga kelele. "Saini ni halali! Nimeipima mara tatu! Kijana kashajitoa kwenye orodha, kakimbia bila kuaga!"

"Ndiyo naona."

"Halafu wewe hujagundua jambo moja, dada. Maneno yale ameyatoa wapi? Kwenye muhtasari wako! Marigold anasoma muhtasari wako, Lorna! Mtu kama yule!"

Lorna alifunika simu kwa kiganja asisikike akicheka. Moyo ulimjaa, na kwa mara ya kwanza katika miaka miwili alijisikia mrefu kuliko wote waliokaa kwenye chumba kile cha mkutano.

"Kumbe," alisema. "Itabidi niwe naandika vizuri."

"Sana tu!"

Alirudisha simu mahali pake, akafungua daftari, akachonga penseli. Kwenye ukurasa wa mkutano akaongeza chini kwa herufi safi: Marigold amejibu. Hakuhudhuria.