Vifungu vya Saa

Maua ya pareto yalitoka kwenye tanuri yakiwa ya kahawia, yakinuka kama nyasi zilizoungua. Timotheo, mkulima aliyeyaleta kiwandani Iyunga kutoka milima ya Iringa, aliyasugua viganjani yakawa unga. Alikunja magunia yake akaondoka.

Nkuba alimsindikiza kwa macho. Mwaka huo wa 1978 ndiye aliyeandika programu za kompyuta iliyoendesha tanuri, na hiyo ilikuwa shehena ya tatu kuungua.

"Tanuri limechelewa kuzima tena. Ongeza kifungu cha programu cha kusahihisha saa," aliagiza meneja, Jailos.

"Ndugu Meneja, vipo vitatu tayari. Kila kimoja kinasahihisha kilichokwisha kusahihishwa na kingine, hata kompyuta haijui tena dakika ni nini. Niruhusu niviondoe."

"Wataalamu waweke, wewe uondoe? Nimesema ongeza."

Nkuba alimeza hasira. Siku nne alipekua karatasi za programu, akafuta vifungu viwili vilivyoachwa na wataalamu waliosimika mtambo. Tanuri likachelewa kuzima vilevile, dakika kumi na moja nzima. Akapiga meza ngumi.

"Ndugu Nkuba," alisema Severina, mwendesha tanuri, macho kwenye saa yake ya mkononi, "hicho kilichobaki aliandika nani?"

Nkuba alifunua kurasa zilizobaki. Alikiandika yeye, mara tu alipotoka masomoni. Kurasa mbili alizozoea kuwaonyesha wageni kwa majivuno. Alizitazama kitambo, kisha akazikata kwa wino mwekundu. Ukabaki mstari mmoja: soma saa. Akaitoboa programu kwenye utepe mpya wa karatasi, akaulisha kompyuta bila kumwuliza mtu.

Tanuri lilizima kwa wakati. Maua yakatoka meupe, makavu, mazima.

Jailos aliyapima kwa vidole. "Umeongeza nini?"

"Nimepunguza, Ndugu Meneja."

Jailos akaguna kama mtu aliyepunjwa, akaenda zake.

Jumamosi Nkuba alipanda basi la Iringa, maua machache ameyafunga kwenye gazeti. Alimkuta Timotheo shambani, nusu ya pareto imekwisha kung'olewa na kurundikwa kando.

"Tanuri limepona, mzee."

Timotheo alichukua ua moja, akalinusa kwa muda mrefu. "Zuri," alisema. "Zuri kweli."

Akaligeukia tuta. Akainama, akashika shina lililofuata, na mkono wake ukabaki hapo, bila kuling'oa.