Mwili Aliopewa na Mariamu

Siku sita za wiki Jotham alikuwa fundi wa cherehani hapo Matisi, pembeni ya mji wa Kitale, kwenye veranda ya duka la mbegu. Siku ya saba alikuwa mwinjilisti. Kanisa lake lilikuwa nyuma ya duka hilohilo, jengo la mabati na mabanzi ambalo lingejaa kwa watu sitini. Hakupitia chuo chochote. Aliyoyajua alikuwa ameyasoma katika vijitabu vya masomo ya posta, na aliyajua vizuri, maana kila kijitabu alikisoma mara tatu kabla ya kujaza majibu na kuyarudisha.

Jumapili moja ya Desemba mwaka 1986 alihubiri kuhusu kuzaliwa kwa Yesu.

"Dhambi hupita kwa baba," alisema. "Baba ndiye mwenye mbegu. Adamu alimpitishia mwanawe, naye akampitishia wake, mpaka ikatufikia mimi na wewe. Sasa Mungu alitaka kutuletea Mwokozi safi. Afanyeje? Akamweka baba kando. Ndiyo maana Yesu alizaliwa na bikira."

Jua lilikuwa limechemsha mabati na watu walikuwa wanasinzia. Jotham akaona akiendelea hivyo atawapoteza wote. Akaokota chupa tupu ya soda iliyokuwa dirishani, akaiinua juu.

"Na Mariamu alikuwa nini? Alikuwa chupa! Ukienda dukani na chupa ukatiwa mafuta ya taa, chupa inaongeza nini kwa mafuta? Si ni kubeba tu?"

Watu wakacheka, wakaamka. Kijitabu hakikuwa kimesema hivyo. Hayo ya chupa aliyaongeza mwenyewe, na alifurahi kuona yamekubaliwa.

Kwenye benchi la mbele alikuwa ameketi Sellah, mwanamke wa Bungoma aliyekuwa katika darasa la ubatizo, pamoja na mumewe Kiplimo, bawabu wa ghala la mahindi. Binti yao wa miaka sita, Chepkemei, alikuwa amelala mapajani mwa mama. Pembeni yao aliketi Kiplangat, kaka mkubwa wa Kiplimo, aliyekuja kutoka Suam, mpakani na Uganda, kuwatembelea. Kiplangat hakuwa mtu wa kanisa, lakini ibada ilipoisha alimfuata Jotham akamshika mkono kwa mikono miwili.

"Mwalimu, hiyo ya chupa ni kweli kabisa," alisema. "Leo nimesikia neno."

Jumatano iliyofuata, katika darasa la ubatizo, Sellah aliinua mkono.

"Mwalimu, Yesu alipofunga kule jangwani akasikia njaa, hiyo njaa aliitoa wapi? Mungu si hasikii njaa."

"Dada Sellah, hayo ni mambo ya ndani sana," Jotham alijibu. "Wewe amini tu."

Sellah akashusha mkono. Hakuuliza tena.

Mwezi wa tatu Kiplimo alishikwa na nimonia, na siku ya nne akafariki. Alizikwa kwao Suam, karibu na kaburi la babake. Shule zilipofungwa mwezi wa nne, Kiplangat alikuja Matisi kumchukua Chepkemei, akasema anampeleka akamsalimie nyanya yake. Sellah alimfungia mtoto nguo mbili na viatu. Mwezi wa tano shule zilifunguliwa, na mtoto hakurudi. Sellah alikwenda Suam mara ya kwanza akafukuzwa langoni, akaambiwa asubiri. Mara ya pili alirudi peke yake, akaja moja kwa moja kwenye veranda ambako Jotham alikuwa anashona sare ya shule.

"Mama Chepkemei, karibu," alisema Jotham. "Mtoto amekuja?"

"Hajakuja. Hatakuja."

Jotham akaondoa mguu kwenye pedali.

"Shemeji amewaita wazee," Sellah alisema. Hakuwa analia. "Amesema mimi ni chupa. Ati mafuta ni ya baba, na baba akifa mafuta yanabaki kwa ndugu zake, hayaendi na chupa. Akasema hata kanisani kwetu tunafundishwa hivyo, yeye mwenyewe alisikia. Wazee wakaniuliza kama ni kweli. Ningesema nini, Mwalimu? Si nilikuwa nimekaa mbele?"

"Ngoja tuombe, dada."

"Sikuja kuombewa. Nimekuja kukuambia."

Akaondoka. Jotham alirudi kwenye sare, akashona mkono wa kushoto upande wa kulia. Akafumua, akashona, akakosea tena. Pumu yake ilianza kumbana kifua kabla ya saa kumi, akafunga kazi.

Jumamosi alipanda basi kwenda kwao Myanga. Mama yake, Loice, alikuwa shambani anapalilia mahindi. Jotham alilelewa katika boma la wajomba zake hapo Myanga. Babake hakutajwa kamwe. Alipokuwa mdogo, watoto wa wajomba walipojipima kwa kutaja majina ya mababu, kila mmoja akifika mbali kadiri awezavyo, yeye alikuwa anainuka na kujifanya anaenda kuangalia mbuzi. Mtu yeyote hapo Myanga angekuambia kwamba Jotham hana baba anayejulikana, lakini Matisi hakuna aliyejua.

Alichukua jembe amsaidie mamake. Hakumaliza hata mstari mmoja kabla kifua hakijaanza kupiga filimbi. Mamake akamwongoza hadi mlangoni mwa jiko, akamketisha, akamchemshia maji. Hapo, kwa pumzi za kukatika, Jotham akamweleza yote: mahubiri, chupa, kicheko cha watu, Kiplangat, mtoto aliyechukuliwa.

Loice alisukuma kuni ndani ya moto. Yeye pia alikuwa anahema, kwa maana moshi wa jiko ulimsumbua kila siku ya maisha yake.

"Hicho kifua ulikitoa wapi, Jotham?"

"Kwako, mama."

"Kuna mwingine nacho katika boma hili?"

"Hakuna."

"Basi usiwaambie watu kwamba sikukupa kitu." Akageuza uso. "Ulipokuwa mdogo ulikuwa unalia kwa sababu huna baba. Nilidhani ulimaliza kulia. Kumbe ulienda kulilia kanisani, mbele ya watu."

Jotham alikaa pale mlangoni mpaka mamake akarudi shambani. Swali la Sellah lilimrudia, lile la njaa. Kama Yesu hakutoa chochote kwa Mariamu, njaa aliitoa wapi? Damu iliyomwagika ilikuwa ya nani? Mungu hawezi kuchomwa msumari. Ili aweze kufa ilibidi awe na mwili wa kufa nao, na mwili huo alipewa na mwanamke, pamoja na udhaifu wake wote. Bila huo hangekuwa ndugu ya mtu yeyote, na kama si ndugu yetu, kifo chake kinatuhusu nini? Jotham alikuwa ameusimamisha wokovu wote juu ya baba asiyekuwepo. Sasa aliona kuwa kukosekana kwa baba kulisema jambo moja tu: kwamba kazi hii haikuanzishwa na nguvu za mwanamume wala na jina la ukoo. Ilianzishwa na Mungu. Lakini aliyeombwa alikuwa Mariamu, na aliyetoa ni yeye. Alihisi aibu, kama mtu aliyegundua kwamba alikuwa akimtukana mamake miaka mingi mbele ya wageni.

Jumatatu alikwenda mjini Kitale kwa Pasta Gikonyo, msimamizi wa makanisa yao, mzee mpole ambaye wazazi wake walihamia Trans-Nzoia kutoka Nyeri. Gikonyo alimsikiliza huku akikoroga chai.

"Usiwachanganye watu, Jotham. Bikira alizaa. Wao waamini hivyo, inatosha."

"Haitoshi, Pasta. Mtoto amechukuliwa."

"Amechukuliwa na mila, hakuchukuliwa na mahubiri yako. Ungenyamaza siku ile, wangemchukua tu."

"Labda. Lakini sikunyamaza."

Gikonyo aliweka kijiko chini. Hakumkataza, wala hakumpa ruhusa.

Jumapili Jotham alisimama mbele ya kanisa akasema alifundisha vibaya. Alieleza upya, polepole, bila mfano wowote. Watu wengi hawakuelewa tofauti ni nini. Mzee mmoja alimwuliza nje kama sasa anakana kwamba Mariamu alikuwa bikira. Sellah hakuwa ameketi mbele siku hiyo. Alikuwa amesimama mlangoni, na ibada ilipokwisha alimngoja.

"Hayo uliyosema hapa," alisema, "utaenda kuyasema kule?"

"Nitaenda."

Walikwenda Suam siku ya Alhamisi, wakashuka karibu na mpaka, wakapanda mlima kwa miguu. Kulikuwa na ukungu na baridi, na Jotham alisimama mara nyingi kupumua. Kiplangat aliwapokea vizuri, akawapa viti na maziwa, akatuma wazee wawili waitwe. Mama yake, Jepkoech, aliketi kwenye kigoda karibu na ukuta. Chepkemei alitokea kwenye nyumba, akamwona mamake, akakimbia hadi katikati ya uwanja, kisha akamtazama baba yake mkubwa na kusimama. Sellah alimfuata pale aliposimama, akapiga magoti mbele yake, akaanza kumfunga vifungo vya sweta.

Jotham alisimama akasema alilokuja kusema. Alisema mfano wa chupa ulikuwa wake mwenyewe, haukuwa neno la Mungu, na ulikuwa uongo. Alisema Mwokozi mwenyewe alikuwa mtoto wa mwanamke, nyama yake na damu yake, na hakuna aliyekwenda Nazareti kumwambia Mariamu kwamba yeye hana sehemu. Sauti yake ilikuwa inakatika kwa pumu, na mara mbili ilibidi aketi.

Kiplangat alimngoja mpaka akamaliza.

"Mwalimu, mimi sina ubaya na huyu mama. Ndugu yangu amekufa, hakuacha mwingine. Nikimwacha huyu mtoto akulie Matisi, akiolewa huko nani atajua kwamba Kiplimo aliishi?" Akamnyooshea Jotham kidole. "Halafu wewe. Desemba ulisema hivi, leo unasema vile, na zote unasema ni Biblia. Tukuamini siku gani, bana?"

Wazee walimtazama Jotham.

Aliyesema ni Jepkoech. Alizungumza kwa lugha ya kwao, na mzee mmoja akamtafsiria Jotham kwa Kiswahili. Alisema hajui mambo ya Mariamu. Alisema amezaa watoto tisa na kuzika watano, na wale watano hakuna ndugu ya mumewe aliyekuja kumwambia kwamba si wake. Mtoto atabaki hapo, kwa sababu hapo ndipo babake alipolala. Lakini mamake asifukuzwe tena langoni. Akitaka kukaa karibu, akae.

Kiplangat aliinamisha kichwa. Hakumpinga mamake, na hakumpa Sellah zaidi ya hapo.

Basi Sellah alihama Matisi. Alikodi chumba Suam, karibu na kituo cha mpaka, akawa anauza ndizi na kitenge kutoka ng'ambo, Uganda. Jumamosi na Jumapili alipanda mlima kwenda kumwona mwanawe. Ilikuwa hivyo kwa karibu miaka mitatu. Jotham aliendelea na cherehani na kanisa, lakini watu walipungua. Wengine walisema mwalimu hajui anachoamini. Alipofika kwenye somo la kuzaliwa kwa Yesu alikuwa anasoma kimya kwanza, kwa muda mrefu, hadi darasa likaanza kunong'ona.

Jepkoech alifariki mwishoni mwa mwaka 1989. Januari iliyofuata Kiplangat mwenyewe aliwaleta Sellah na Chepkemei hadi Kitale. Alisema mke wake ana watoto wadogo na hawezi kuongeza mwingine. Hakuomba msamaha, lakini alilipia chumba cha mwezi wa kwanza na kubeba sanduku hadi ndani.

Pasaka ya mwaka huo Sellah alibatizwa mtoni. Alikuwa ameomba abatizwe na Pasta Gikonyo. Jotham alisimama kwenye ukingo pamoja na wengine. Gikonyo, maji yakiwa kiunoni, alimwuliza kama anaamini kwamba Yesu Kristo alizaliwa na Bikira Mariamu.

"Naamini," alisema Sellah kwa sauti ya kusikika. "Na mwili wake alipewa na mamake."

Gikonyo alitazama ukingoni, akamwona Jotham, kisha akamzamisha.

Chepkemei alikuwa na miaka tisa sasa. Kiswahili chake kilikuwa kimebadilika, na kwa miezi hiyo yote alikuwa akimwita mamake kwa jina, Sellah, kama watu wa Suam walivyomwita. Mamake alipotoka majini akitetemeka, mtoto alimpelekea leso kavu. Alimpa kwa mkono ulionyooshwa, halafu akarudi nyuma hatua mbili, akasimama hapo.