Spika ya Akiba

Binti alipowatumia wazazi wake mtambo wa sauti, boksi lilitoa spika mbili za mbele, mbili za nyuma, sabufa nzito, na kaspika kamoja kapana kasiko na mwenzake. Baba yake, mwalimu wa kwaya ya mtaani, alikageuza huku na huku. Sabufa kuwa peke yake aliielewa, maana ilikuwa na mwili wa kujitosheleza. Lakini haka?

"Hii ya akiba," akamwambia mkewe. "Kama tairi la gari."

Mkewe aliona hayo ni maneno ya mtu mzima. Akakafunga ndani ya taulo kuukuu, akakaweka juu ya kabati la nguo.

Tangu siku hiyo Mwalimu hakujua ashike lipi aache lipi. Taarifa ya habari aliisikia neno kwa neno. Wakiweka filamu, watu walichezesha midomo na sauti haikuja, ila mnong'ono kama wa wasengenyaji wa chumba cha pili. Akiongeza sauti, mtu kwenye filamu akafunga mlango, vikombe vilitetemeka na besi ikampiga kifuani. Akipunguza, hata mnong'ono ulikwenda zake. Kidirisha cha mtambo nacho kilizidi kumvuruga: kwenye habari kiliandika 2, kwenye filamu 5.1. Namba imepanda, mbona maneno yameshuka? Na hiyo nukta moja ni ya nini?

Kilichomtisha zaidi ni mkewe. Mama wa watu alikaa pale pale, kochi lile lile, na alicheka. Kumbe anasikia. Basi Mwalimu naye akajitia kucheka, asije akaulizwa.

Kwaya je? Kwaya aliisikia vizuri. Lakini nyimbo zote aliwafundisha mwenyewe. Huenda alizisikia kichwani tu. Mwalimu wa kwaya asiyesikia ni mtu anayepunga mikono hewani. Aliogopa, tena sana. Mficha maradhi kifo humuumbua, na methali hiyo aliijua tangu utotoni, ila akaendelea kuficha.

Jumapili mchana binti yao alikuja kuwasalimia. Filamu ilikuwa inaendelea, na wazee wawili wanacheka. Hajamaliza hata kuvua viatu, baba yake akazima mtambo.

"Kwaya naiacha. Kesho mazoezini nawaambia."

"Unaiacha kwa nini?" mkewe akauliza.

"Masikio. Filamu sisikii kitu, mama. Mwezi mzima."

Mkewe akamgeukia pale kwenye kochi. "Na wewe?"

"Na mimi nini?"

"Mimi pia sisikii. Nilijua ni uzee, nikaona aibu kukwambia."

"Mbona ulikuwa unacheka?"

"Nilikuwa nakufuata wewe."

"Nami nilikuwa nakufuata wewe!"

Binti akawaangalia kwa zamu, kisha akaangalia meza ya televisheni. "Spika ya katikati iko wapi?"

"Ipi? Ile ya akiba?" baba yake akasema.

Ikashushwa kabatini na taulo lake. Binti akaiweka chini ya televisheni, akachomeka waya, huku anajizuia kucheka. "Baba, sauti za filamu zimegawanywa. Kelele zinapelekwa pembeni na nyuma, mtikisiko unakwenda kwenye sabufa, hiyo ndiyo nukta moja yako. Mazungumzo karibu yote yanakuja hapa katikati. Habari inatumia zile mbili za mbele tu, ndiyo maana mliisikia. Mmemfunga msemaji taulo, mkamweka juu ya kabati."

"Na nikiongeza sauti?"

"Unaongeza mtikisiko."

Mwalimu hakuelewa nusu ya hayo, lakini aliwasha filamu pale pale walipoishia. Sauti ya mwanamke ikajaa sebuleni, safi kabisa: "Mama yetu tunamzika kesho."

"Hapa si ndipo mlipokuwa mnacheka nilipoingia?" binti akauliza.

Wazee wakatazamana. Mkewe akafunika uso kwa kanga, mabega yakaanza kumcheza, na Mwalimu akacheka mpaka machozi yakamtoka. Baadhi yake hayakuwa ya kicheko. Kisha mkewe akaenda jikoni kuchemsha chai, sufuria zikagongana, bomba likafunguliwa.

"Kesho mazoezi saa ngapi?" aliuliza kutoka huko, kwa sauti ya chini, makusudi.

"Saa kumi," Mwalimu akajibu, kabla maji hayajafungwa.